Mzee Soksi na Ndege Zisizoandikwa

Tangazo la manispaa liko kwenye geti la uwanja wa ndege na mmeliona, maana nusu yenu mmepiga picha mbele yake. Maghorofa manane, duka kubwa la vioo, bwawa la kuogelea, na watu wa kuchorwa wanatembea wanacheka kana kwamba mji huu haujawahi kuwa na mgonjwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kumtesa mwenye miwani, kuna sababu: uwanja hautumiki. Ndege kumi na moja tu kwa mwaka, wastani wa miaka tisa. Sheria inasema uwanja ukikosa ndege hamsini kwa mwaka, manispaa inaweza kuufunga na kuifanyia ardhi kitu kingine.

Nataka niwaambie hiyo kumi na moja ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mkono wa mtu mmoja, mwembamba, mwenye masikio makubwa na suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kukata nyasi. Mtaani tunamwita Mzee Soksi. Na kabla hamjaanza kumtukana huko chini kwenye maoni, someni mpaka mwisho. Najua hampendi kusoma. Leo jilazimisheni.

Jina lake halina siri. Kila uwanja wa ndege una mlingoti, na juu ya mlingoti kuna mfuko mrefu wa kitambaa ulio wazi pande zote mbili. Upepo ukiingia mfuko unavimba, rubani aliye juu anauona, anajua atue kutokea upande gani. Watu wa kazi hiyo wanauita soksi ya upepo. Kuipandisha asubuhi, kuishusha jioni, kuishona ikichanika, hiyo ilikuwa kazi ya mzee kwa miaka ishirini na nane. Sokoni wakimwona wanamuuliza, "Mzee, ya mguu wa pili iko wapi?" Naye hajawahi kukosa jibu: "Kaivaa mkweo. Nenda kamvue."

Alikuwa na kazi nyingine pia. Alifukuza mbuzi kwenye lami. Alipaka chokaa mawe ya pembeni ili njia ionekane kutoka juu. Alipima mizigo kwenye mizani iliyokuwa inadanganya kwa kilo mbili, na yeye anajua, kwa hiyo anatoa mbili kichwani. Na aliandika. Kuandika ndiko kulikuwa roho ya kazi yenyewe. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, feni isiyozunguka na dirisha lililozibwa kwa boksi palipovunjika kioo. Mezani kulikuwa na daftari la jalada gumu la kijani, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, sijui nani angeliiba. Kila ndege ilipata mstari wake: tarehe, saa, namba ya ndege, namba ya kibali. Kibali lazima kiwe na muhuri wa manispaa, na muhuri upigwe kabla ndege haijatua. Hakuna muhuri, ndege haitui.

Mzee alikuwa mkali kwenye hilo, msimwone mpole. Aliwahi kumgomea mkubwa mmoja aliyekuja na ndege ya kukodi, mkubwa akabaki anazunguka juu ya mji kama mwewe huku dereva wake anakimbia ofisi hadi ofisi kutafuta muhuri. Mzee alisimulia kisa hicho kwa miaka, anacheka mpaka anafuta machozi.

Akaja kuacha kukisimulia. Sababu mtaa mzima unaijua.

Miaka tisa na miezi kadhaa iliyopita, siku ya Ijumaa, mke wake aliamka na tumbo. Mama yule alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa anashona hizo soksi, maana ile iliyonunuliwa na manispaa ilichanika msimu mmoja tu na mzee akaambiwa asubiri bajeti. Kufika saa sita mchana daktari wa hospitali yetu akasema utumbo umepasuka, anatakiwa kupasuliwa leo hii, na hapa hakuna wa kumpasua. Hospitali kubwa ni saa sita kwa gari, kwa ile barabara mnayoijua. Kwa ndege ni dakika arobaini. Kuna shirika dogo la msaada lina ndege moja, ya mkia mwekundu, inabeba wagonjwa bure. Mzee akamwita rubani kwenye redio, na rubani akapokea hapo hapo.

"Mzee wangu, injini inawaka. Nije?"

Mzee alikuwa amesimama mbele ya daftari lake. Akajibu, "Subiri muhuri, kapteni."

Hakuna mstari kwenye sheria za manispaa unaosema mgonjwa aachwe apite. Niliuliza. Hakuna. Kwa hiyo mzee akatoka mbio mwenyewe mpaka manispaa, redio mkononi. Mwenye muhuri alikuwa ameenda harusini na ufunguo wa droo uko mfukoni mwake. Wakampigia simu, hapokei, harusini kuna muziki. Mzee akakaa kwenye benchi la korido tangu saa saba. Muhuri ulipigwa saa kumi na dakika tano, mwenye muhuri bado ana ua kwenye koti. Mkewe alikuwa amekata roho saa tisa na robo.

"Redio nilikuwa nayo mkononi muda wote," ananiambia. "Neno moja tu. Njoo. Nani angenikamata?"

Aliporudi kazini baada ya msiba wiki nzima alipandisha soksi na kuishusha tu. Wiki ya pili redio ikalia. Rubani yule yule. Kuna mkulima ameumwa na nyoka, amefika hospitali na mguu umevimba kama gogo.

"Mzee wangu, kibali bado sijapata, najua ulivyo, ila..."

"Njoo."

"Unasemaje?"

"Nimesema njoo. Upepo unatoka mashariki."

Ndege ikatua, ikabeba, ikaondoka. Mzee akarudi ofisini, akafungua daftari, akashika kalamu. Namba ya kibali ataandika nini? Akiacha wazi, mkaguzi akipita ataona, rubani atanyang'anywa leseni, na mgonjwa anayefuata atakaa benchi. Akalifunga daftari.

Lakini mtu aliyeandika kila ndege kwa miaka karibu ishirini hawezi kuamka tu akaacha. Kwenye droo kulikuwa na uzi mwekundu wa marehemu. Jioni aliposhusha soksi, akapitisha sindano mara moja kwenye pindo la ndani, mahali ambapo hakuna wa kuangalia. Mshono mmoja, mgonjwa mmoja. Kesho yake akaipandisha.

Ikawa hivyo. Kila mwaka jua linaichakaza soksi, mzee anashona nyingine kwa cherehani ya mkewe. Alijifunza ukubwani, zile za kwanza zilikaa upande kama kofia ya mlevi. Ya zamani anaikunja, anaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapochoka kabisa na sisi binadamu. Mzee hakuwa peke yake. Rubani naye ana kitabu chake cha kuandika kila anapotua, na kutua bila muhuri ni kosa, kwa hiyo aliandika "eneo la dharura", hakutaja uwanja. Hospitali nayo ina fomu ya kumhamisha mgonjwa. Kwenye usafiri fomu ina vyumba vitatu: gari la hospitali, gari binafsi, miguu. Ndege haina chumba. Muuguzi mkuu akawaambia manesi wake, tieni alama kwenye gari, si wanatoka hapa na gari? Ni kweli, walitoka na gari. Kilomita mbili, mpaka uwanjani.

Sehemu tatu, kila mtu kwa nia njema, hakuna aliyekaa na mwenzake kupanga, na wakaifuta ndege duniani. Ndege iliyotua karibu kila wiki kwa miaka tisa, watu wazima na akili zao wameisikia ikipita juu ya mabati, kwenye karatasi haikuwahi kuwepo.

Mzee ana mtoto mmoja, binti, nesi wa hospitali yetu. Ndiye anayewasindikiza wagonjwa mpaka kwenye mlango wa ndege, chupa ya maji ya dripu mkononi. Siku tangazo lilipobandikwa alilisoma kwenye simu akiwa zamu ya asubuhi. Alipotoka hakupita kwake, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akamkuta anakunywa chai na mkate.

"Baba, umeona? Kumi na moja!"

"Karibu chai, mama."

"Sitaki chai. Kumi na moja kwa mwaka? Mimi mwenyewe nimekuletea kumi na moja tangu mwaka uanze! Hawa wamehesabu kwa macho gani? Twende na daftari lako tukawaoshe mbele za watu."

Mzee akachovya mkate. Akauacha kwenye chai mpaka ukakatika.

"Baba. Daftari si unalo?"

"Ninalo."

"Basi?"

"Hawamo."

"Kina nani hawamo?"

"Wagonjwa wako."

Binti akaketi. Ananiambia alidhani mzee anatania, maana ndiyo kawaida yake. "Lakini nilikuwa nakuona! Kila ndege ikiruka unarudi ofisini unainama mezani. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natia uzi kwenye sindano."

Akaenda chumbani, akalivuta sanduku. Wakazitandaza soksi tisa kitandani, za rangi ya chungwa iliyokufa, moja baada ya nyingine, wakapindua mapindo. Wakahesabu wote wawili, kila mtu kwa sauti, wakapotea, wakaanza upya. Mia nne na sita. Gawa kwa tisa ni arobaini na tano kwa mwaka. Ongeza zile kumi na moja za kwenye daftari, ni hamsini na sita. Uwanja unatumika. Kwa sheria yao wenyewe unatumika.

"Mama, ningeandika tu," mzee akasema. "Ningeandika tu namba ya uongo, saa hizi tungekuwa tunacheka."

"Usianze, baba."

Kulikuwa na wiki tatu za kupeleka maoni. Mzee alijua maana ya kwenda: akitaka kuiokoa ndege lazima aitaje, na akiitaja ameichoma. Akampigia rubani simu kumwomba ruhusa.

"Sema, mzee wangu," rubani akasema. "Wakifunga uwanja, hiyo leseni ya kutua nitatua nayo wapi? Kwenye duka la vioo?"

Kikao kilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, ukumbi wa manispaa. Watu kama arobaini. Na tusidanganyane, wengi walikuja kuutaka mradi. Kijana wa kupaka rangi anataka kazi ya rangi, mama wa duka anataka fremu kwenye vioo. Siwalaumu. Mimi mwenyewe sina kazi ya maana, ningechorwa kwenye ule mchoro ningecheka vile vile. Mbele walikaa mwenyekiti, ambaye ni diwani mwenye simu mbili, mchumi wa manispaa na kompyuta yake, na mwanasheria, mama mmoja mtulivu sana. Ningewaambia mapema mwogopeni mtu mtulivu.

Jina la mzee likaitwa. Akaenda mbele na kiroba, suruali imenyooka, akaanza kutoa soksi na kuzipanga mezani juu ya chupa zao za maji.

"Mzee, hizi nini?" mwenyekiti akauliza.

"Soksi, mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Leo kaleta na za mguu wa pili!"

"Mzee wetu, hapa si kwa dobi," mwenyekiti akasema, naye anajikaza asicheke. "Una hoja?"

"Hoja iko ndani ya pindo. Kila mshono mwekundu ni ndege ya mgonjwa iliyotua. Ziko mia nne na sita. Hesabuni."

Mchumi akainua pindo moja kwa vidole viwili, kama anashika panya. "Mzee, kwa heshima yote. Mimi nafanya kazi na takwimu."

"Na hizo ni nini, mwanangu? Maua?"

Wakacheka tena, lakini safari hii walicheka na yeye. Binti anasema hapo alidhani wameshinda. Kuna mama mmoja alisimama bila kuitwa akasema, mume wangu alipanda ndege hiyo, yupo nyumbani, nendeni mkamwone. Mwingine akasema mimi pia, mdogo wangu. Mzee akaanza kugusa mishono kwa kidole. Huyu alikuwa wa kuungua moto. Huyu mapacha. Huyu wa nyoka, wa kwanza kabisa. Watu wa nyuma wakasogea mbele kuona. Hata mwenyekiti akazilaza simu zake kifudifudi.

Mwanasheria akafunua karatasi, taratibu.

"Mzee, mimi nakuamini."

"Asante, mama."

"Nina swali moja. Hizi ndege mia nne na sita, zilikuwa na vibali?"

Mzee akailaza mezani soksi aliyokuwa ameishika.

"Zilikuwa na wagonjwa."

"Nimeuliza vibali."

"Hapana."

"Kwa hiyo kwa miaka tisa, wewe mtumishi wa manispaa, umeruhusu ndege zitue kwenye mali ya manispaa bila kibali, na ukaficha."

"Sikuficha. Nilishona."

Hakuna aliyecheka. Binti akanyanyuka, akasema yeye ni nesi, yeye ndiye aliyewafikisha. Mwanasheria akatoa karatasi nyingine. Alikuwa nazo tayari! Fomu za hospitali, nakala zimebanwa vizuri, kila moja ina alama kwenye gari. Akauliza, sahihi hii ni yako? Ni yangu. Na alama hii ya gari ni yako? Ni yangu.

"Fomu haina ndege!" binti akapiga kelele. "Mngetaka niandike wapi, kwenye miguu?"

"Kwa hiyo fomu hizi si za kweli."

Binti akakaa chini. Mzee akakunja soksi zake moja moja, zote tisa, ukumbi mzima unamwangalia, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko hotuba yake.

Baada ya siku nane zikatoka barua. Ya kwanza ilisema uwanja utafungwa miezi miwili kabla ya tarehe iliyopangwa, kwa sababu imebainika kwamba uwanja unatumika kinyume cha sheria. Someni tena. Mwanzoni ulikuwa unafungwa kwa sababu hautumiki. Sasa unafungwa haraka zaidi kwa sababu unatumika. Na kuna mtu amelipwa mshahara kuandika hiyo sentensi, akapiga na muhuri. Siku hiyo hakukuwa na harusi.

Barua ya pili ilikwenda kwa shirika la ndege ya mkia mwekundu: imesimamishwa kutua popote, si kwetu tu, mpaka uchunguzi ukamilike. Kuna miji mingine minne ilikuwa inaitegemea ndege hiyo. Watu wa huko hawajui hata kwamba kuna mzee alitandaza soksi mezani.

Ya tatu ilikuwa yake. Ameachishwa kazi. Binti anasema aliisoma akaiweka chini ya kikombe, kana kwamba imeletwa ya kuwekea kikombe.

Rubani alimpigia mara moja. Hakumlaumu. "Bora angenitukana," mzee anasema. "Aliniuliza hali yangu. Mimi!"

Siku greda lilipoingia mzee alikwenda. Hakwenda kulala mbele ya magurudumu kama mlivyoandika humu, acheni kutia chumvi. Alikwenda kushusha soksi. Soksi ya kumi, ya mwaka huu, ilikuwa bado juu ya mlingoti tangu siku aliyofukuzwa, hakuna aliyejua kuishusha, na ndani ya pindo lake kuna mishono kumi na saba. Getini akakuta mlinzi mpya wa mkandarasi, jirani yetu kabisa, amekua mbele ya macho ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naingia dakika tano, nachukua kitambaa changu pale juu, natoka."

Mlinzi akaangalia buti zake. "Mzee, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Una kibali?"

"Cha soksi?"

"Cha kuingia. Kinatolewa manispaa. Kiwe na muhuri."

Mzee anasema alitaka kucheka, kweli, kilimjia kicheko kabisa mpaka kooni. Halafu akamwambia yule mlinzi, "Fanya kazi yako, mwanangu. Mimi pia nilikuwa kama wewe." Akasimama nje ya uzio. Mlingoti uliangushwa saa tano asubuhi. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, soksi imejaa, ikaanguka hivyo hivyo imejaa, greda likapita juu.

Najua mtaniandikia kwamba maendeleo lazima yaje. Sawa, yaje. Nani kayakataza? Ila mnioneshe kwenye ule mchoro, kati ya bwawa na duka la vioo, mtu mwenye utumbo uliopasuka atapita wapi.

Nyumba ya mzee iko kando ya barabara kuu, ile inayotoka mjini kwenda hospitali kubwa. Kila gari la wagonjwa linalotoka lazima lipite dirishani kwake. Zamani halikupita, liliishia uwanjani. Sasa linapita na king'ora chake, na ndani mara nyingi yumo binti yake ameshika dripu, saa sita za mashimo. Mzee anakaa dirishani pale ilipo cherehani. Nilipokwenda kumwona wiki iliyopita lilikuwa limetoka kupita, vumbi bado liko hewani. Aliangalia saa ya ukutani.

"Saa nne na dakika ishirini," akasema. "Saa tano kamili angekuwa mezani kwa daktari."

"Mzee, unajitesa."

"Najua."

Akatoa daftari. Si lile la kijani, lile limechukuliwa kama ushahidi. Hili ni la shule, la kurasa themanini, kalichora mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, saa ya kupita, ugonjwa kama binti amemwambia. Chumba cha mwisho cha kila mgonjwa, kafika au hakufika, anakiacha wazi mpaka binti apige simu. Tukakaa. Aliniwekea chai, ikapoa, hakuna aliyeinywa. Tulizungumza habari za mizani yake ya uongo, akanichekesha kidogo. Saa saba na nusu simu ikalia, akaiweka sauti ya wazi kwa sababu masikio yake makubwa yale siku hizi hayasikii vizuri.

"Baba." Nyuma ya sauti ya binti hakukuwa na king'ora. Gari lilikuwa limesimama.

"Mko wapi, mama?"

"Kwenye mteremko, baada ya daraja."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Uzazi. Mtoto tunaye. Mama yake hapana. Baba, usiandike. Nakuomba. Leo usiandike."

"Sawa, mama. Mfunike huyo mtoto, huko kuna upepo."

Simu ikakatika. Akachukua kalamu, akaandika. Mwandiko wake ni mzuri, umenyooka kama suruali yake. Akasubiri wino ukauke. Nilimhesabia mistari kwa jicho la pembeni: imefika minane, na greda lina wiki saba tu tangu liingie.

"Utampelekea nani hili daftari?" nikamuuliza.

"Nani atalitaka?"

"Sasa unaandika la nini?"

Akaifunika kalamu, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaupiga mfuko kwa kiganja kuhakikisha imekaa.

"Kwa sababu nilitakiwa kuandika," akasema. "Nimechelewa kuanza."